Namba za makosa kwenye tovuti: 404, 403, 500 na nyingine zina maana gani?

Unajaza fomu ya ufadhili wa masomo au ya kazi kwa simu. Unabofya kitufe cha kutuma, kisha skrini inaonyesha namba kama 404 au 500. Namba hiyo haimaanishi kwamba ombi lako limekataliwa. Ni ujumbe wa seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, unaoeleza kwa nini haikuweza kukujibu.

Makosa haya yanatokeaje?

Unapofungua anwani, programu ya seva huilinganisha na orodha ya njia inazozijua. Isipoikuta, hujibu 404. Ikiikuta lakini kazi ikakwama katikati, kwa mfano hifadhidata haijibu, hutoa namba inayoanza na 5.

Kwa kifupi: namba inayoanza na 4 inahusu ombi lililotumwa (anwani, akaunti au faili). Inayoanza na 5 inahusu tovuti yenyewe. Kubadilisha simu au kununua bando jipya hakutasaidia.

Namba za kawaida na la kufanya

- 401: Hujaingia kwenye akaunti, au muda wako umekwisha. Ingia tena.
- 403: Huna ruhusa ya kuona ukurasa huo. Hakikisha unatumia akaunti sahihi.
- 404: Hakuna ukurasa kwenye anwani hiyo. Huenda kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp kimekatika au ukurasa umeondolewa. Anzia ukurasa wa mwanzo wa tovuti.
- 413: Faili ni kubwa mno. Punguza ukubwa wa picha au hati.
- 429: Umejaribu mara nyingi mno kwa muda mfupi. Acha kubofya, subiri, kisha jaribu tena.
- 500: Programu imekutana na hitilafu isiyotarajiwa.
- 502 na 504: Seva moja haikupata jibu sahihi, au kwa wakati, kutoka kwa nyingine. Jaribu baadaye.
- 503: Tovuti imezidiwa au inafanyiwa matengenezo. Jaribu baadaye.

Nimepata 500 baada ya kutuma fomu. Nitume tena?

Usiharakishe. Wakati mwingine taarifa huwa zimeshahifadhiwa kabla ya hitilafu kutokea, na ukirudia, ombi lako linaweza kuingia mara mbili.

1. Angalia SMS, barua pepe na akaunti yako kama kuna uthibitisho.
2. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya kosa na anwani. Andika tarehe na saa.
3. Kama hakuna uthibitisho, wasiliana na taasisi husika kabla ya siku ya mwisho, ukiambatanisha picha hiyo.

Majibu marefu yaandike kwanza kwenye daftari au sehemu nyingine ya simu, ili yasipotee ukurasa ukikwama.

Jihadhari na matapeli

Makosa yanayoanza na 5 hurekebishwa na wenye tovuti tu. Mtu akidai pesa ili "akufungulie" ukurasa, usimlipe. Usimpe mtu nenosiri lako wala namba ya siri iliyotumwa kwa SMS. Kumbuka: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure.

Kwa wanaojifunza kutengeneza tovuti

- Tengeneza ukurasa wa 404 wenye lugha rahisi na kiungo cha kurudi mwanzo.
- Ukurasa usipokuwepo, usijibu 200, namba inayomaanisha kila kitu kiko sawa.
- Hitilafu ikitokea, andika maelezo kamili kwenye kumbukumbu za seva. Mtumiaji mpe ujumbe mfupi na namba ya kufuatilia. Usimwonyeshe msimbo wala taarifa za hifadhidata.
- Hifadhi fomu yote au usihifadhi chochote, kisha mwambie mtumiaji waziwazi kama ombi lake limepokelewa.