Wasome Kama Nani? Watoto wa Burundi katika Madarasa ya Tanzania

Mtu akihama nchi peke yake, huulizwa kibali, kazi na mahali pa kulala. Akihama na watoto wa umri wa shule, linazuka swali jingine ambalo nchi mwenyeji haiwezi kulikwepa: watoto hawa wasome kama nani? Kama watu wa hapa, au kama wageni wanaongoja kurudi kwao? Warundi waliokimbilia Tanzania tangu 1972 wanatupa nafasi adimu ya kulipima swali hilo, maana nchi ileile ililijibu kwa namna mbili zinazopingana, kwa watu waliotoka nchi moja, katika muda wa miaka ishirini na ushee. Naona jibu la kwanza, la kumsomesha mtoto kwa mtaala wa mahali alipo, ndilo lililokuwa sahihi, hata kwa wale ambao hatimaye walirudi Burundi. Najua wengi waliofanya kazi kambini hawatakubaliana nami.

Kwanza tukumbuke walikuwa wanakimbia nini. Uasi uliozuka kusini mwa Burundi mwishoni mwa Aprili 1972, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, ulijibiwa na serikali ya Michel Micombero kwa mauaji yaliyowaandama hasa Wahutu waliosoma. Walimu, makarani na wauguzi walikamatwa. Wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu cha Bujumbura walitolewa madarasani, wakapakiwa kwenye malori, wasionekane tena. Makadirio ya waliouawa huanzia laki moja na kwenda juu zaidi. Kwa hiyo mzazi aliyevuka kuingia Kigoma mwaka ule alikuwa ametoka mahali ambapo daftari la mahudhurio liliweza kugeuka orodha ya watu wa kuuawa. Kumwandikisha mtoto shule tena, katika nchi ngeni, kulihitaji imani kubwa kuliko tunavyodhani leo.

Tanzania iliwapeleka mbali na mpaka. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalifunguliwa 1972. Katumba, karibu na Mpanda, yakafuata mwaka uliofuata. Na Mishamo mwaka 1978. Familia zilipewa ardhi ya kulima katikati ya miombo na mbung'o, kwa mpango ulioziunganisha serikali, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na shirika la Kilutheri lililojulikana kama TCRS. Ukarimu huo haukukosa hesabu zake: pori lilifyekwa, mahindi na tumbaku vikaanza kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Shule nazo zilikuwa za Tanzania kabisa. Mtoto aliyezaliwa akisikia Kirundi nyumbani alifundishwa hesabu, jiografia na siasa kwa Kiswahili, na kwa mujibu wa sera ya Elimu ya Kujitegemea alibeba jembe kwenda shamba la shule kama mwenzake wa Sikonge au Sumbawanga. Wakati wenyewe ulisaidia, kwani Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na taifa zima lilikuwa likihangaika kutafuta madawati na walimu. Kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa mikononi mwa serikali, na shule zake zikawa shule za wilaya.

Waliokuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, walikuta nchi nyingine. Ujamaa ulikuwa umechoka, Rwanda nayo ilimwaga watu Ngara mwaka uliofuata, na dola lilikuwa limeamua kwamba mkimbizi ni wa muda. Akawekwa kambini, asitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mtabila, Muyovosi, Kanembwa na nyingine zilipata shule zilizofuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Walioutetea mpango huo walikuwa na hoja yenye uzito: vita ikiisha, mtoto ataendelea pale alipoachia, na mwalimu mkimbizi asiyejua Kiswahili cha darasani atakuwa na kazi. Lakini hoja hiyo ilisimama juu ya utabiri wa muda, na utabiri ukaanguka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Kasulu mwaka 1996 alikuwa na umri wa kuoa wakati kambi za mwisho zinafungwa. Miaka yote hiyo alisomeshwa kwa ajili ya nchi asiyoiona, pembeni ya nchi asiyoruhusiwa kuingia. Na pale ilipoonekana wakimbizi hawataki kuondoka Mtabila, shule za kambi hiyo zilifungwa, mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya kambi yenyewe. Hapo ndipo mpango ule ulipojieleza wenyewe: mtaala wa nyumbani ulitolewa kama huduma kwa mtoto, ukaondolewa kama shinikizo kwa baba yake.

Pingamizi kubwa dhidi yangu linatoka kwa watoto wa makazi ya zamani. Mwaka 2007 familia za 1972, jumla ya watu wapatao 218,000, ziliulizwa zinataka uraia wa tajnisi au kurudi Burundi. Takriban asilimia 80 walichagua Tanzania. Makumi ya maelfu waliosalia walirudi, wengi wakiwa na watoto wa shule. Mtoto wa darasa la sita aliyekuwa akigawanya desimali bila shida alikaa mbele ya swali lililoandikwa kwa Kifaransa, ambamo hata nukta aliyoizoea, 3.5, ilikuwa imegeuka mkato, 3,5. Wapo waliorudishwa madarasa mawili matatu nyuma, wakakaa na wadogo zao. Wapo waliopita kwenye mafunzo ya haraka ya Kifaransa. Na wapo walioacha. Je, si bora wangesoma Kifaransa tangu mwanzo? Sioni hivyo. Kugawanya walikuwa wanajua. Kilichowashusha ni shule iliyowapokea kukataa kupima wanachojua katika lugha wanayoijua, na hilo lilifanyika katika nchi iliyokuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uleule wa 2007 na kukiingiza Kiswahili katika ratiba ya shule zake za msingi. Zaidi ya hayo, mtaala wa Kifaransa ungewafaa watu wawili kati ya kumi na kuwaacha wanane bila njia ya kwenda sekondari katika nchi ambayo ingekuwa yao.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi, kwamba shule ya mwenyeji humfuta mtoto, humsahaulisha kwao. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, alikuta kinyume cha tunachotarajia. Mishamo, ambako watoto walisoma Kiswahili kutwa, watu waliishika historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Kigoma mjini, ambako hakuna aliyewazungushia mpaka, Warundi walioa, wakaolewa, wakafanya biashara, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Kwa maneno mengine, kilichoshika kumbukumbu Mishamo ni mipaka ya makazi na vibali vya kutoka, wala mtaala wa Tanzania haukuifuta. Sitaki kuudharau ugumu wa mzazi anayeona mwanawe akiota ndoto kwa lugha nyingine. Nasema tu kwamba ushahidi hauoneshi mtaala ukifanya kazi hiyo peke yake, ilhali kufungua au kufunga mlango wa mtihani ni kazi ya mtaala moja kwa moja.

Kuna na mfano wa jirani unaoonesha nguvu ya shule ya mwenyeji inafika wapi. Watoto wa Kitutsi waliopelekwa Uganda baada ya machafuko ya Rwanda ya 1959 walisoma shule za Uganda kwa Kiingereza. Paul Kagame alipita Ntare School, Mbarara. Waliporudi mwaka 1994 waliingia katika nchi ya Kifaransa, na miaka kumi na minne baadaye serikali yao ikaamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Jambo hilo lina machungu yake kwa walimu waliolala wakijua Kifaransa na kuamka wakitakiwa kufundisha kwa lugha nyingine, na silitoi kama la kuigwa. Linathibitisha tu kwamba mtoto aliyesomeshwa vizuri ugenini harudi mikono mitupu, hata akirudi na lugha isiyotarajiwa.

Vyeti vya uraia vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Mwaka uliofuata Burundi ikawaka tena, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya kupokea watu ambao baadhi yao walikuwa wametolewa Mtabila mwaka 2012. Watoto wao waliandikishwa katika mtaala wa Burundi, wakati Katumba wajukuu wa waliokimbia mauaji ya 1972 walikuwa wakifanya mtihani wa darasa la saba wa Tanzania kama mtoto mwingine yeyote wa mkoa wa Katavi.