Spika za Awoowe: Tutengeneze ama Tununue Mpya?

Kila nyumba yenye mzee ina huu mjadala: ile redio kaseti na spika zake mbili za mbao, tutengeneze ama tununue wufa mpya? Vijana hujibu haraka. Wufa ya Bluetooth iko sokoni, inapiga kwa nguvu, na simu ina nyimbo zote. Spika za mzee zinakwaruza na zimekalia nafasi ya kiti. Hesabu imeisha, si ndio? Bado. Huku Garissa kuna historia ya kama miaka sitini ndani ya hayo masanduku, na lazima nayo ihesabiwe.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwaka wa 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza spika ya aina tunayoitumia hadi leo. Koili ya waya inakaa ndani ya sumaku, imegundishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme ukipita, koili inasukuma koni, koni inasukuma hewa, wewe unasikia sauti. Wufa uliyoiona jana dukani inafanya kazi hivyo hivyo.

Kwetu sauti hiyo ililetwa na redio. Radio Mogadishu ilianza 1951, na Idhaa ya Kisomali ya BBC ikaanza kutangaza kutoka London 1957. Redio ya betri haikuhitaji stima, na msikilizaji hakuhitaji kujua kusoma. Kwa mfugaji anayehama na mifugo, hicho ndicho kilikuwa chombo cha habari.

Serikali nazo zilijua. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wengi huku walitaka kuungana na Somalia. Mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Kenya na Somalia zilipotia saini makubaliano Arusha, Oktoba 1967, moja ya mambo waliyokubaliana ni kuacha propaganda za uhasama kwenye redio na magazeti. Yaani kilichotoka kwenye spika kilikuwa kizito kiasi cha kuandikwa kwenye mkataba wa amani. Hali ya hatari yenyewe tulikaa nayo hadi 1991.

Halafu ikaja kaseti, ambayo Philips waliizindua 1963. Hii ilitufaa sana. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi 1972, na hata baada ya hapo wazee wengi hawakuyajua. Kwa hivyo mtu akienda kutafuta kazi Uarabuni alirekodi barua yake kwa mdomo: salamu kwa hooyo, salamu kwa adeer, ngamia wako aje, mtoto ameanza kutembea? Mashairi nayo yalisafiri vivyo hivyo. Karibu 1980, Gaarriye, Hadraawi na washairi wenzao walijibizana katika mfululizo uitwao Deelley, wakiugusa utawala wa Siad Barre, na kaseti zikanakiliwa mkono kwa mkono.

Mwaka wa 1988 ndege za serikali hiyo zililipua Hargeisa. Kabla ya hapo, kanda za muziki zilikuwa zimefukiwa ardhini ili zisiharibiwe. Zilifukuliwa baadaye, na 2017 nyimbo za enzi hiyo zilitoka kwenye albamu Sweet as Broken Dates ya Ostinato Records, ikateuliwa kuwania Grammy. Hakuna mtu angezifukia kama angejua zitapatikana kwingine.

Hesabu ya kutengeneza ama kununua ilibadilika miaka ya 1990. Somalia ilipoporomoka 1991, wakimbizi walifika Dadaab, na wengine wakafika Eastleigh, Nairobi. Huko, nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko: chumba kimoja, duka moja, mali kutoka Dubai. Biashara hiyo ililisha na kusomesha watoto wengi. Lakini pia ilifanya kitu kipya kiwe rahisi kupatikana, na kwenda kwa fundi kukaanza kuonekana ushamba.

Mimi si mhandisi, chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini kuna vipimo ambavyo fundi yeyote atakuonyesha bure. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja. Ikilia "tak" na koni ikasogea, koili iko hai. Bonyeza koni polepole kwa vidole viwili. Ikikwaruza, huenda koili imepinda ama imeungua, na hapo gharama inapanda. Angalia ukingo wa koni: ule wa sponji huoza wenyewe ukifika miaka ishirini hivi, lakini hubadilishwa kwa gundi na subira. Sumaku na sanduku la mbao kwa kawaida havina shida. Ukiona karibu kila kitu kimekufa, nunua mpya bila kujilaumu.

Ila kabla hujanunua, uliza kaseti ziko wapi. Kwetu ziko saba, kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Moja ina sauti ya awoowe akitaja ukoo wake, jina baada ya jina, na akikosea ayeeyo anamrekebisha. Awoowe alishafariki. Wufa mpya haina mahali pa kuingiza kaseti, na joto letu, linalopita nyuzi 30 karibu kila siku, haliihurumii kanda.

Kwa hivyo kwetu uamuzi ni huu: redio kaseti inaenda kwa fundi kwanza, ibadilishwe mkanda wa mpira na isafishwe kichwa, pamoja na spika moja, ile yenye koili nzima. Kaseti zote saba zirekodiwe kwenye simu, na nakala zitumwe kwa watu watatu wa familia. Baada ya hapo, anayetaka wufa alete hoja yake.