Mtani Kaburini

Mgeni afikapo Temeke siku ya msiba wa Mzaramo huenda akaona jambo la kumshangaza. Wanawake wanalia ndani, wanaume wameketi mikekani, na jeneza li tayari kuchukuliwa. Mara hutokea mtu aliyevaa kanzu ya marehemu na kushika bakora yake. Anakwenda kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kama yeye alivyokuwa akikohoa, na kuwauliza wafiwa kwa ukali mbona chakula hakijaiva. Jeneza likiinuliwa, mtu yule hulala njiani, wala halipiti mpaka apewe fedha kidogo. Pengine hushuka kaburini kabla ya maiti, akajinyosha humo, akasema kwamba mahali hapo ni pake. Wafiwa hawamkasirikii. Wengine hucheka, na machozi yangali yakiwatoka.

Mgeni atasema kwamba watu hawa hawana heshima kwa wafu wao. Mwenyeji atamjibu, "Huyo ni mtani wetu," na kwake yeye neno hilo latosha. Basi anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na desturi zake, huanzia kazi yake katikati ya watu wawili hao. Humwuliza mwenyeji: Mtani ni nani? Amepata wapi ruhusa hii? Na je, nyinyi mnaweza kumtendea hayo hayo siku ya msiba wake?

Kila asomaye maneno haya anajua kwamba utani ni wa namna mbili. Upo wa jamaa, kama wa babu na mjukuu, au wa mtu na shemeji yake. Na upo wa kabila na kabila. Mwaka 1940 mtaalamu Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala juu ya desturi hii, akikusanya mifano ya Afrika pamoja na ya Wahindi Wekundu wa Marekani. Alianza na ndoa. Ndoa, alisema, huunganisha nyumba mbili, lakini haizifanyi kuwa moja. Kila nyumba ina mali yake na mambo yake, na ugomvi waweza kuzuka wakati wo wote. Njia za kuuzuia ni mbili. Ya kwanza ni heshima kubwa mno, kama ile ya mtu na mama mkwe wake, ambao katika makabila mengi hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Ya pili ni kinyume chake: watu kupewa ruhusa ya kutukanana, kwa sharti kwamba hapana wa kukasirika. Hivyo mkwe akwepwaye na shemeji ataniwaye, ambao kwa macho hawafanani hata kidogo, wote wawili hulinda amani ile ile.

Hiyo ni hoja nzuri, nami naikubali. Lakini haitujibu swali moja. Kama kazi ya utani ni kuzuia ugomvi, kwa nini Mzaramo amtanie Mnyamwezi, ambaye kwao ni mbali, mwendo wa miezi miwili mitatu kwa miguu?

Aliyelishika swali la namna hiyo hakuwa mwanafunzi wa desturi za watu. Alijulikana kwa kuchunguza ndege. Huyo ni R. E. Moreau, aliyekaa miaka mingi Amani katika milima ya Usambara. Labda mtu aliyezoea kuandika ndege gani huonekana wapi, na pamoja na ndege gani, ndiye aliyefaa. Aliuliza makabila ya Tanganyika nani humtania nani, akachapisha habari hizo mwaka 1941, na tena mwaka 1944. Majibu yalielekea mambo mawili: vita na safari.

Vita ni kama vile vya Wahehe na Wangoni, waliopigana kwa ukali katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, wala hapana aliyeweza kummaliza mwenzake. Wajukuu wao ni watani. Mngoni humwambia Mhehe tuliwapiga, naye hujibu mlikimbia, na hapo ambapo mababu walitupiana mikuki huchukuliana kuku.

Safari ndiyo iletayo habari za Uzaramo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, na misafara mingi ilipita katika nchi ya Wazaramo. Wenye nchi walidai hongo, yaani ushuru wa njia. Richard Burton na John Speke walipopita huko mwaka 1857 walidaiwa pia. Mpagazi alihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Na akifa, alihitaji watu wa kumzika, kwa maana ndugu zake walikuwa mbali. Mtu wa namna hiyo si ndugu, wala si adui. Huitwa nani? Mimi hufikiri, na hili ni wazo langu tu, kwamba mtani alalaye mbele ya jeneza na kudai senti anaukumbuka ushuru wa njia ile bila kujijua.

Msafara ulikwisha, lakini haja ya mpagazi haikuisha. Katika karne ya 20 watu wa bara walimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi, na mashamba ya Kinondoni na Temeke yakageuka kuwa mitaa. Wengi walikuja peke yao. Jambo kama hilo lilitokea katika miji ya migodi ya Zambia pia, na J. Clyde Mitchell alilieleza mwaka 1956: wachimba shaba wa makabila mbalimbali walitaniana katika ngoma ya kalela, na hivyo watu wasiojuana wakapata namna ya kukaa pamoja.

Utani wa mjini huonekana hata dukani na katika basi, nao huko ni maneno tu. Msibani ni kazi. Mtani hutazamiwa afike bila kuitwa, achimbe kaburi, ateke maji, asaidie kupika, na kuwatoa wafiwa katika kilio kinapozidi. Asipofika atatozwa faini; na siku atakapofiwa yeye, hawa waliofiwa leo ndio watakaovaa kanzu ya marehemu wake na kulala njiani.

Mgeni wetu wa Temeke, kama hakuondoka kwa hasira, angalimwona mtu yule akipanda kutoka kaburini, akijipangusa mchanga, akilivua kanzu lile na kumrudishia mjane. Kisha maiti ikashushwa, na wa kwanza kushika jembe kufukia alikuwa yeye.