Kijisanduku cha bajaji ya umeme kimetoka mbali

Niliahidi historia, na najua mlitegemea Wajerumani na magofu ya Bagamoyo. Wajerumani watapita kidogo tu, leo ni zamu ya kontrola, kile kijisanduku kinachokaa kati ya betri na mota. Sababu ni mjomba wangu wa Kaole. Anadunduliza hela anunue bajaji ya umeme, na kila akipiga simu swali ni lile lile: hicho kidude kikifa, nani atanitengenezea?

Turudi 1888. Mwaka huo Kampuni ya Wajerumani ilijitwalia mwambao wetu, Abushiri akainuka, vita ikafika mpaka Bagamoyo. Mwaka huo huo huko Richmond, Marekani, Frank Sprague alikuwa anaendesha tramu za umeme mji mzima, na anapambana na tabia moja mbaya ya mota: ikiwa imesimama inakunywa umeme bila adabu.

Piga hesabu na mimi. Betri volti 60, upinzani wa nyaya za mota ohmu 0.1. Ukiunganisha moja kwa moja unapata ampea 600, hapo ni moshi tu. Lakini mota ikishazunguka, yenyewe inakuwa kama jenereta na kusukuma umeme kinyume na betri. Ikirudisha volti 50, zinabaki 10 za kufanya kazi, na mkondo unashuka hadi ampea 100. Kwa hiyo hatari yote iko pale mwanzo.

Wazee wa tramu walitumia rezista kubwa. Dereva anasogeza mkono hatua kwa hatua, kila hatua anapunguza rezista. Ilifanya kazi, ila umeme uliozuiwa uligeuka joto la bure. Hali hiyo ilidumu miaka mingi jamani! Mabadiliko yalikuja na thairista ya General Electric mwaka 1957, halafu transista za nguvu, ikiwemo IGBT ambayo Jayant Baliga aliifanyia kazi hapo hapo General Electric miaka ya 1980. Prius ya kwanza ya 1997 ilitembea na hizo IGBT.

Kontrola ya sasa haizuii umeme, inaukata. Inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Ikifungua robo ya muda, mota inaona kama volti 15. Koili za mota hazipendi mkondo ubadilike ghafla, ndiyo maana bajaji haishtuki-shtuki. Ukizungusha mkono unaongeza muda wa kufungua, mwendo unaongezeka. Muda wote inapima ampea, na zikifika kikomo inabana hata kama wewe umezungusha mkono wote.

Sasa mpeleke mjomba kwenye mchanga wa Kaole na abiria watatu. Mota inataka kusimama, mkondo unapanda, kontrola inabana, abiria wanashuka kusukuma. Mjomba atasema chombo kibovu, kumbe kimejiokoa.

Mambo haya si ya Wazungu tu. Makerere walitoa gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Na treni yetu ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 inachukua volti 25,000 juu ya waya, kisha vifaa vya jamii hii hii vinazipangia mota zake. (Bagamoyo tuliachwa na reli tangu 1905 Mjerumani alipoanzia yake Dar, sitaki hata kuongea.)

Kwa hiyo mjomba, jibu langu ni hili. Mafundi wa chini ya mwembe wanaijua kabureta kwa kupapasa, ila kontrola nyingi zimemiminiwa gundi ngumu ndani, hazifunguki. Kikifa unabadilisha kizima. Kabla hujatoa hela muulize muuzaji kama anakiuza peke yake, bei gani, na kama anacho dukani leo. Halafu angalia plagi zake, maana chumvi ya bahari inazila, na mara nyingine kilichokufa ni plagi tu. Akijibu kwa kuzunguka-zunguka, ondoka.

Nina maabara saa nane, tuonane Jumamosi.