Kabla ya Kwenda Kusaidia Ugenini

Huenda siku moja, msomaji kijana, ukatamani kwenda nchi ya mbali kujitolea, uwafundishe watu au uwasaidie kupata maji. Nia hiyo ni njema, lakini yataka maandalizi. Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, kundi la kwanza la kuja Tanganyika, la wahandisi, wapima ardhi na wanajiolojia, lilipelekwa kwanza Texas Western College, mjini El Paso, likaandaliwa na kufundishwa Kiswahili. Hata hivyo, liko somo moja ambalo chuo peke yake hakitoshi kulifundisha, nalo ni kumwuliza mwenyeji. Historia ya Ukambani yalionyesha somo hilo waziwazi.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni, yamomonyoka. Ikaanza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu na kuwauza mnadani. Ugonjwa wa ardhi ulikuwa wa kweli, ila mwenye ng'ombe hakuulizwa dawa yake. Basi Wakamba wengi, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka Gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu; lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe.

Katika miaka ya 1950 watu hao hao walichimba matuta mengi ya kuzuia udongo. Ingawa amri za serikali hazikuisha, kazi sasa ilipitia mwethya, yaani desturi yao ya kale ya majirani kusaidiana, na kila kikundi kilijichagulia viongozi.

Tazama na Kitui. Mito mingi ya huko hukauka mvua zikiisha, na tangu zamani watu huchimba mchanga wa mtoni ili wapate maji. Ukuta ukijengwa kukingama mto, mchanga hujaa nyuma yake na kuyaficha maji yasikaushwe upesi na jua. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui, pamoja na wanakijiji, limejenga mamia ya mabwawa hayo ya mchanga. Wanakijiji hutoa mawe na nguvu zao. Wafadhili, wakiwamo wa ng'ambo, husaidia kwa saruji. Hapo msaada wa mgeni umejengwa juu ya elimu ya mwenyeji.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Atapona vipi, ikiwa mgeni hakuuliza panapouma? Basi jifunze lugha ya uendako, na jifunze kazi yako vizuri. Ukifika, kabla hujashika jembe, uliza kazi hiyo hufanywaje hapo, na nani huiongoza. Maana wewe utarudi kwenu, bali tuta na bwawa vitabaki mikononi mwa wenyeji.