Kutinda kwa uzi

Kutinda nyusi ni kuzipunguza na kuzipa umbo. Katika lahaja za kaskazini mwa pwani, kutinda ni kukata, hata kuchinja, kwa hiyo neno liliufaa sana wembe wa kunyolea nyusi. Mwanafunzi wa urembo wa Levolosi, Arusha, anayejifunza kutumia uzi, hakati kitu. Uzi wa pamba husokotwa katikati. Msokoto husogezwa juu ya ngozi iliyokazwa kwa vidole, ukabana nywele na kuzing'oa na mashina yake. Kwa tendo hilo, kunyonyoa ni kitenzi sahihi zaidi. Lakini kunyonyoa hakutaji umbo, na umbo ndilo gumu kujifunza. Kwa hiyo jina la kutinda kwa uzi linastahili kubaki.