Rimu Nyepesi Ilizaliwa kwa Ajili ya Springi

Mabishano kuhusu kubadili rimu za gari mara nyingi huishia kwenye kasi: gari likivikwa rimu nyepesi litachomoka upesi zaidi au la? Swali si baya, ila ukifuatilia walikopita mafundi waliohangaika na uzito wa gurudumu kwa karne nzima, utaona kwamba kilichowasumbua zaidi ni barabara. Rimu, tairi, breki na kitovu cha gurudumu havikalii springi. Vyenyewe ndivyo vinavyopanda na kushuka kwenye kila shimo na kila tuta, na kazi ya springi na shokapu ni kuvirudisha chini kabla tairi halijaachana na lami. Gurudumu zito likisharushwa juu huchelewa kurudi, na tairi lililo hewani haliwezi kukata kona wala kufunga breki.

Mwaka 1924, kwenye mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa kule Lyon, Ettore Bugatti alileta gari lake la Type 35. Magari mengi ya wakati huo yalitembelea magurudumu ya mbao au ya spoki za waya. Yeye aliyasubu kwa aluminiamu, yenye mikono minane bapa, na dramu ya breki ikatoka kwenye kalibu moja na gurudumu, kiasi kwamba ukivua gurudumu unabaki ukizitazama breki zenyewe. Siku ile ya Lyon matairi yaliwasaliti. Lakini kuanzia 1925 hadi 1929 magari ya Bugatti yalishinda Targa Florio mara tano mfululizo, kwenye barabara za milimani za Sicily ambako njia iliyonyooka kwa kilomita chache ni bahati.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, umo kwenye breki. Mercedes-Benz W196 ya 1954, Citroën DS ya 1955 na Jaguar E-Type ya 1961 zote zilikuwa na breki zilizotolewa kwenye magurudumu, ya mbele au ya nyuma, zikafungwa ndani, kwenye bodi au kando ya difu. Breki hizo ziliendelea kuzunguka pamoja na gurudumu kwa kasi ileile, kwa hiyo injini haikupunguziwa mzigo wa kuzizungusha. Walichopata wabunifu ni uzito mdogo zaidi usiobebwa na springi. Nao walikubali kulipa gharama kubwa: breki zilizojificha ambazo fundi huzifikia kwa tabu, na joto lililofungiwa ndani. Hakuna anayejitwika taabu ya namna hiyo kwa jambo dogo.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo uzito unaozunguka unahesabika mara mbili. Ni kweli, ila pale tu uzito ulipo kwenye ukingo wa nje wa gurudumu: kilo moja iliyo hapo huilemea injini kama kilo mbili zilizowekwa ndani ya bodi. Tupige hesabu. Chukua gari la kilo 1,200, uongeze kilo 3 ukingoni mwa kila gurudumu. Jumla ni kilo 12, na kwa injini ni kama 24, yaani asilimia 2. Abiria mmoja mwembamba anauzidi mzigo huo. Geukia springi sasa. Tuseme kila kona ya gari ina kilo 35 zisizobebwa na springi. Kilo 3 hizo hizo ni karibu asilimia 9 ya kazi mpya kwa shokapu, na barabara haiachi kuidai.

Ndiyo maana Porsche, ilipotoa 911 S mwaka 1966, iliagiza rimu za aluminiamu ya kufua kutoka kampuni ya Fuchs. Aluminiamu ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini ni dhaifu zaidi, kwa hiyo rimu ya kusubu hunenepeshwa, na faida huyeyuka. Kuifua hubana chembe za madini, rimu ikaweza kuwa nyembamba bila kupoteza nguvu. Baadaye umbo likawa ndilo linalouzwa. Rimu za kusubu za inchi 17 na 18 zilichukua nafasi ya zile za 14, madini yakasogea nje, na ukuta wa tairi uliokuwa ukimeza mishtuko ukapungua. Watetezi wa rimu hizo husema rimu kubwa inatoa nafasi ya breki kubwa. Sawa, ila anayebadili rimu peke yake amebaki na breki zilezile.

Hoja nzito zaidi ni ya barabara zetu: rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda na fundi huigonga ikanyooka, ilhali ya kusubu aghalabu hupasuka. Kwa anayeishi kwenye njia za vumbi na mawe, chuma chembamba cha ukubwa wa kiwandani bado ni chaguo la busara, na mara nyingi hakizidi kwa uzito hizo rimu pana za mapambo. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, omba rimu na tairi lake viwekwe kwenye mizani, kisha upime na gurudumu unalotaka kulivua.